Kutafuta kikundi cha kuacha pombe ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili

Asubuhi niliyoamua kutafuta msaada, mke wangu aliniwekea chai mezani na sikuweza kuinua kikombe. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nusu ya chai ingeishia kifuani. Nikainama, nikainywa kwa kuifuata palepale mezani, bila kukigusa kikombe. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amekaa mkekani na uji wake. Aliniangalia, halafu naye akaweka mikono nyuma, akainama, akanywa uji kama baba.

Namwandikia mtu aliyefika hapo, na ndugu anayeishi naye. Kama unaishi Mtwara mjini, Mikindani, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Ruangwa au kijiji chochote cha huku kusini, nataka ujue jambo moja kabla hujaanza: huku kwetu usitegemee kuona bango barabarani lililoandikwa kikundi cha walioacha pombe. Ukitafuta bango utakata tamaa wiki ya kwanza. Kikundi huku kinapatikana kwa kuuliza, na kuuliza kuna milango yake na maneno yake. Mimi nilipoteza miezi mitano kwa kuuliza mlango usio wake kwa maneno yasiyo yake. Wewe huna sababu ya kupoteza hiyo miezi.

Kwanza, jua umefikia wapi

Kuna maswali manne mafupi ambayo madaktari duniani wanayatumia, yaliyotungwa na daktari wa Marekani aitwaye John Ewing. Jiulize ukiwa peke yako, na ujijibu ukweli:

Je, umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza pombe? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema kuhusu unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya au kujilaumu kwa sababu ya pombe? Je, umewahi kunywa asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, ili utulie au uzimue?

Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, jambo hili linahitaji mtu wa kukusaidia. Swali la nne ndilo la kuliangalia kwa makini. Mtu anayezimua kila asubuhi mwili wake umeshaizoea pombe, na kwa huyo hatua inayofuata ni lazima itangulie kikundi.

Usikate ghafla kama mwili umeshazoea

Hapa naomba usome taratibu. Watu wengi wanadhani ushujaa ni kuamka siku moja na kusema "leo basi", kisha kujifungia ndani. Kwa mnywaji wa kawaida hilo halina neno. Kwa anayekunywa kila siku kwa wingi, kukata ghafla kunaweza kuua. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapoikosa, ni hatari kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Huwa inaenda hivi. Muda wa saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho, mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, unatapika, usingizi unakataa. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kupata degedege, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne inaweza kuja ile hali mbaya kabisa: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kutojua yuko wapi. Huku kwetu hali hiyo mara nyingi inaitwa majini au kurogwa, na mgonjwa anapelekwa kwa mganga huku saa zinakwenda. Mtu huyo apelekwe hospitali usiku huohuo.

Hospitalini wana dawa za kutuliza, hasa diazepam, wanazozipunguza siku hadi siku, na vitamini B1 ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa. Ukiwa mwongo kuhusu kiasi unachokunywa, dozi itakuwa ya uongo pia. Sema ni chupa ngapi, au vipimo vingapi vya gongo, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.

Jambo lingine kuhusu gongo. Mtu akinywa halafu akaanza kuona ukungu machoni, kichwa kinamuuma na anapumua kwa kasi, usimwache "alale itaisha". Hiyo inaweza kuwa sumu ya methanoli, na inapofusha watu na kuwaua. Hospitali, bila kusubiri asubuhi.

Chagua mtu mmoja wa kutembea naye

Kabla ya kuanza kuuliza, mwambie mtu mmoja. Mmoja anatosha. Mtu wa kwenda naye hospitali, wa kukukumbusha siku ya mkutano, wa kukaa na nauli yako.

Wengi wanamfikiria mke au mume kwanza. Mimi nasema fikiria vizuri. Mke wangu alikuwa amechoka, ana haki ya kuchoka, na kila nilipomwahidi kitu alikuwa anasikia ahadi zote za nyuma. Sisi Wamakonde, na vivyo hivyo Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ana kauli yake kwenye maisha ya mtu. Nilikwenda kwa mjomba wangu Mikindani, nikamkuta anashona wavu. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo. Nimekuja nina shida. Pombe imenishinda." Hakuacha kushona. Alimaliza jicho moja la wavu, akafunga fundo, ndipo akaniambia, "Kesho saa moja nakupitia." Akanipitia kweli. Kama huna mjomba wa namna hiyo, shangazi, kaka, rafiki aliyeacha kunywa, au jirani anayejua kutunza siri atafaa. Asiwe mtu mnayekunywa naye, hata kama mnapendana sana.

Mlango wa hospitali, na maneno ya kusema dirishani

Kwa Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kwa Lindi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine. Masasi kuna Mkomaindo. Kwenye barabara ya Masasi kuna hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ambazo watu wa bara huku kusini wamezitegemea kwa vizazi. Ukiwa mbali na zote hizi, anzia zahanati au kituo cha afya cha kata yako, uombe rufaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda dirishani na kusema nina homa na mwili hauna nguvu. Nikapimwa malaria, nikaambiwa sina, nikapewa dawa ya maumivu, nikarudi nyumbani kupitia kilabuni. Mara ya pili, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilisema ukweli, na mhudumu aliyekuwa mapokezi akaurudia kwa sauti koridoni, watu wote kwenye benchi wakageuka. Niliondoka. Sikurudi hospitali yoyote kwa miezi miwili. Nasimulia hili ili likikukuta wewe ujue kwamba dirisha moja likikuvunja moyo, lipo jingine.

Maneno yaliyofanya kazi ni haya, niliyafundishwa na mjomba njiani: "Dada, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili. Ni jambo la faragha, nitamweleza mwenyewe." Basi. Mapokezi hawahitaji zaidi ya hapo ili kukuandikia. Usiogope neno akili. Uraibu wa pombe unatibiwa na kitengo hicho, na kukaa kwenye benchi lake hakumaanishi umekuwa mwendawazimu. Uliza pia siku za kliniki yao, kwa sababu ukienda siku isiyo yao unaweza kukaa hadi jioni bure.

Ukishaingia ndani, baada ya mambo ya mwili, uliza maswali mawili kwa uwazi. La kwanza: "Je, kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe mnachokifahamu, hapa au mtaani?" La pili, ambalo watu hawaliulizi, na ndilo lililonifungulia mimi: "Je, kuna mgonjwa wenu mwingine aliyeacha, ambaye angekubali kuzungumza na mimi? Naomba mumuulize yeye kwanza, nami nawaachia namba yangu." Mtoa huduma hawezi kukupa jina la mgonjwa mwingine, na asikupe. Lakini anaweza kupeleka ujumbe. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu na mtu ambaye alinisalimia tu, akauliza, "Leo umekunywa?"

Pale pale hospitali muulizie afisa ustawi wa jamii. Huyu ana kazi mbili kwako. Anafahamu vikundi, taasisi na watu wa kujitolea walioko kwenye halmashauri, na kama huna uwezo wa kulipia matibabu yeye ndiye anayeshughulikia msamaha. Nenda na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, itarahisisha. Barua si lazima itaje pombe. Iseme tu kwamba unatambulika na huna uwezo.

Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mlango wako rahisi kuliko wote ni CTC, ile kliniki ya tiba na matunzo unayokwenda kila mara. Kule tayari kuna ushauri nasaha, kuna vikundi vya wenzako, na watu wamezoea kutunza siri. Mwambie mshauri wako kuhusu pombe. Na tafadhali, usiruke dozi kwa sababu jana ulikunywa. Meza dawa, halafu uende ukaseme.

Mlango wa msikiti na kanisa

Pwani yetu ni ya Waislamu wengi, na hapa kuna ugumu wake. Kwa kuwa pombe ni haramu, Mwislamu anayekunywa anajificha mara mbili: anawaficha watu kwamba anakunywa, kisha anaficha kwamba anashindwa kuacha. Nimekutana na wanaume waliokuwa wanashinda njaa Ramadhani yote bila tone, Idi ikifika wanarudi walipoachia, na wanaona aibu kumwambia imamu kwa sababu kumwambia ni kukiri yote. Ushauri wangu: usimfuate baada ya swala ya Ijumaa kukiwa na umati. Nenda siku ya kawaida, baada ya Alasiri, umsubiri atoke. "Shehe, asalaam alaykum, naomba dakika kumi zako peke yetu." Maimamu wengi wamewasikia wenzako kabla yako, na baadhi yao ndio wanaojua nani mtaani ameacha na yuko tayari kumshika mwingine mkono.

Upande wa makanisa, Masasi ni eneo la Waanglikana na Wakatoliki wa siku nyingi, na Ndanda Wabenediktini wapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa Mkatoliki, jumuiya ndogo ndogo ni mahali pazuri pa kusaidiwa chakula na mtoto akiumwa, ila kwa habari ya pombe mimi ningeanza na paroko au katekista faraghani, kwa sababu jumuiya ni majirani wote wa mtaa. Makanisa ya kilokole yana maombi ya kufunguliwa. Sina neno na maombi. Ninachosema ni kwamba ukiombewa Jumapili, Jumatatu bado utahitaji mtu wa kukaa naye saa kumi na moja jioni, saa ile ambayo miguu inajua njia ya kilabuni. Muulize mchungaji: "Nani atakuwa na mimi Jumatatu?"

Kuna habari moja ya kweli ninayoipenda hapa. Mei mwaka 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alijikuta hotelini katika mji wa Akron, biashara imeharibika, hana rafiki pale, na upande mmoja wa ukumbi kuna baa. Alikwenda kwenye simu, akatafuta orodha ya makanisa, akampigia mchungaji asiyemjua, akamwambia anahitaji kuzungumza na mlevi mwenzake. Akapewa majina. Simu moja baada ya nyingine hazikuzaa kitu, hadi mtu wa mwisho akamkutanisha na daktari wa upasuaji wa mji ule, Bob Smith, naye mnywaji aliyeshindikana. Walizungumza kwa saa kadhaa. Daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous (AA), ushirika ambao sasa uko karibu kila nchi. Ulianza kwa mtu kuuliza kanisani namba ya simu, kama ninavyokuambia wewe uulize.

Mlango wa simu

AA ipo Tanzania, na Dar es Salaam kuna mikutano ya ana kwa ana. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, hiyo si safari ya kila wiki. Lakini mikutano ya mtandaoni ipo saa zote za mchana na usiku, na kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu hii inaweza kuwa ndiyo njia ya kuanzia. Ingia tovuti ya aa.org, au aa-intergroup.org kwa mikutano ya mtandaoni. Mingi ni ya Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kusikiliza tu, sikiliza. Huhitaji kuwasha kamera, huhitaji kutaja jina kamili, na hakuna ada. Zima picha, ubaki na sauti, bando litadumu. Sharti la kuingia ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa.

Waislamu wananiuliza kama hatua 12 za AA, zile wanachama wanazozifuata ili kuacha, ni za Kikristo. Zilianzia kwa Wakristo, ni kweli, na baadhi ya mikutano ina sala. Ila maandishi yenyewe yanamtaja Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomfahamu, na hakuna anayekuhoji. Kaa na imani yako, chukua kinachokufaa.

Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Itumie kuuliza huduma ya afya ya akili iliyo karibu na wilaya yako. Utasikia pia watu wakitaja soba hausi, yaani nyumba za upataji nafuu. Hizo mtu anaishi ndani kwa miezi, analipiwa, na nyingi zinashughulika zaidi na waraibu wa dawa za kulevya. Si kitu kimoja na kikundi. Ndugu wakitaka kukupeleka huko, waulize kwanza kama nyumba imesajiliwa, kama kuna mhudumu wa afya kwa ajili ya siku za arosto, na kama kuna kupigwa au kufungwa minyororo. Palipo na minyororo msiende.

Ukishapata kikundi, kikague

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa kwenye darasa la madrasa, saa kumi jioni, watoto wameshatawanyika, ubao bado una alif na ba. Tulikuwa watu saba, mmoja fundi pikipiki mwenye mafuta hadi viwikoni, mmoja mwalimu mstaafu. Mwanamke mmoja alikuwa anagawa chai kutoka kwenye chupa. Niliona anawajazia wote, mimi akanipa nusu kikombe. Nikadhani ananibagua. Kumbe ndiyo kawaida yao: mgeni anapewa nusu, kwa kuwa mikono ya mgeni inatetemeka na hawataki aone aibu ya kumwaga. Akimaliza anaongezewa. Niliinua kile kikombe kwa mikono miwili na hakuna aliyenitazama.

Tangu siku hiyo, nikitaka kujua kama kikundi ni kizuri naangalia wanavyomtendea aliyefika leo. Je, anaruhusiwa kukaa kimya? Je, anayesema anasikilizwa hadi mwisho bila kukatishwa kwa mawaidha? Je, wapo walioacha kwa miaka, na wapo walioacha juzi? Mchanganyiko huo ni muhimu, kwa sababu wa miaka anakuonyesha inawezekana na wa juzi anakukumbusha inavyouma. Je, yanayosemwa mle yanabaki mle? Njia ya kujua ni rahisi: wakikusimulia siri za aliyetoka, na zako zitasimuliwa.

Ondoka wakikutaka pesa ya kiingilio, wakikuambia uache dawa za hospitali, wakikupiga picha kuweka kwenye makundi ya WhatsApp, au wakikutumia kama ushuhuda kabla hujawa tayari. Jipe mikutano minne hadi sita kabla ya kuamua, maana wa kwanza huwa mgumu kwa kila mtu. Na kama mji ni mdogo na unaogopa kuonekana, vuka. Wa Mikindani aende Mtwara mjini, wa mjini aende Mikindani. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko pesa inayoishia kilabuni.

Kwa wanawake nina neno la peke yake. Kuna mama anayepika pombe ili watoto wale, na amejikuta anakunywa kuliko wateja. Kwake kuacha kunywa ni kuacha kazi, na kikundi kisichomuuliza "utakula nini" hakijamwelewa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuonana naye kuhusu kazi nyingine. Na katika kikundi chochote, mwanamke mgeni ashikwe mkono na mwanamke. Mwanaume anayejitolea kumsindikiza mgeni wa kike usiku wiki ya kwanza, akatazwe na wenzake.

Usipokipata, anzeni wawili

Wawili mnatosha. Mfikirie yule ambaye mhudumu wa hospitali au shehe alikuunganisha naye. Chagueni siku moja na saa moja, msizibadilishe kwa miezi mitatu hata kama mmoja yuko peke yake. Saa kumi na moja jioni ni nzuri, ndiyo saa ya hatari. Mahali pawe pasipo na maswali: darasa la madrasa, chumba cha parokia, barazani kwa mzee anayeheshimika. Ofisi ya kijiji siipendekezi, kila anayepita anahesabu walioko ndani. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa kwamba mnakutana kusaidiana kuacha pombe, ili asije akasikia kwa wengine.

Mkutano wa muda wa saa moja unatosha. Kila mtu aseme siku yake ya ngapi, kilichomjaribu wiki hii, atafanya nini hadi mkutano ujao. Aliyefika amelewa akae asikilize, asizungumze siku hiyo, asifukuzwe. Aliyeteleza akirudi, ahesabu upya na apewe chai.

Kisha kuna jambo ambalo nimeona likivunja vikundi viwili. Watu wakikutana kila wiki huku kwetu, lazima atatokea mmoja wa kusema tufungue VICOBA, au tusajili tupate mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wazo zuri, mahali pasipo pake. Pesa ikishaingia, mwenye deni akiteleza haji tena, kwa sababu sasa anakwepa vitu viwili. Fungueni kikundi cha mikopo siku nyingine, jina jingine, hata na watu walewale. Hiki cha pombe kisiwe na sanduku.

Mabibo yakianza kuanguka

Anayetoka mkoa mwingine hatalielewa hili mara moja. Huku kwetu mwaka wa mnywaji unafuata mkorosho. Kuanzia Septemba mabibo yanaiva, yanakamuliwa, uraka, yaani pombe ya mabibo, unapatikana kila kona kwa bei ya chini kabisa, na harufu yake iko hewani hata kama hujaenda popote. Oktoba minada inaanza. Malipo ya korosho yanaingia, ngoma zinafuata, na mtu aliyekaa miezi minane bila kunywa anajikuta ana pesa mfukoni, marafiki wamemzunguka na uraka uko mlango wa pili.

Kwa hiyo kikundi cha kusini kijipange na msimu. Sisi kuanzia Septemba tunakutana mara mbili kwa wiki badala ya moja, na wanaoishi shambani wakati wa kuokota wanapangwa wawili wawili kwa mashamba ya jirani. Siku malipo yanapotoka, mtu haendi benki peke yake. Anakwenda na mwenzake wa kikundi au dada yake, pesa ya ada ya shule na ya salfa ya mikorosho ya mwakani inatengwa kabla hawajavuka barabara. Kama unaanza sasa na una nafasi ya kuchagua, anza Februari au Machi, msimu umepita, upate miezi sita ya mazoezi kabla ya mabibo. Lakini kama umeamua leo na leo ni Novemba, anza leo.

Kwa ndugu wa nyumbani

Msimwekee dawa kwenye chakula kwa siri. Kuna dawa ya hospitali, disulfiram, inayofanya mwili uikatae pombe, na mtu akinywa juu yake bila kujua anaweza kufa. Dawa za kienyeji za kuchanganya kwenye mboga hamjui zina nini. Dawa yoyote aitumie akijua, chini ya daktari. Nanyi mna haki ya watu wenu wa kuzungumza nao: tangu 1951 kuna ushirika wa ndugu wa wanywaji, Al-Anon, na mikutano yake ya mtandaoni ipo pia. Mkipigwa, nendeni dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Ugonjwa wake hauwalazimishi kuvumilia kipigo.

Karatasi

Hili la mwisho ni dogo na nalisisitiza kwa kila anayeanza. Namba za watu wako usiziweke kwenye simu pekee. Mnywaji anauza simu, anaiweka rehani, inaibwa amelala. Andika namba tatu kwa kalamu kwenye karatasi: ya mtu wako, ya mwenzako wa kikundi, ya kliniki. Ikunje, iweke mahali ambapo huwezi kupauza. Yangu iko ndani ya daftari langu la hospitali, mwaka wa sita huu. Imechanika kwenye mikunjo, mjomba ameibandika kwa selotepu mara mbili, na mwenye namba ya katikati amehamia Tunduru. Anapokea mlio wa pili, na bado anauliza swali lilelile.